Machi 30 jikoni: doubles, pholourie au accra na float?

Anayetaka kuadhimisha Machi 30, Siku ya Ukombozi wa Wabaptisti wa Kiroho huko Trinidad na Tobago, kwa chakula cha mtaani cha Trinidad ana vyakula vitatu vya kushindanisha: doubles (vimkate viwili vyenye mchuzi wa dengu), pholourie (hutamkwa fuluri, vidonge vya unga wa dengu), na accra (vidonge vya samaki wa chumvi) inayoliwa ndani ya float (mkate wa kukaanga). Pembeni yake kuna supu ya mahindi na ule mkate wa kukaanga wenye samaki wa ufukweni Maracas. Vyote vitano vinapikika Dar es Salaam, Mombasa au Toronto bila kuagiza chochote kutoka Karibi. Lakini havifai vyote kwa nyumba moja na saa moja. Kabla ya kuchagua, jiulize wageni ni wangapi, kama watafika pamoja au mmoja mmoja, na nani atakayesimama kwenye karai.

Sikukuu yenyewe, kwa ufupi

Novemba 1917 serikali ya kikoloni ya Waingereza huko Trinidad ilipitisha sheria ya kuwapiga marufuku waumini waliokuwa wakiitwa kwa kejeli Shouters, yaani wapiga makelele. Wenyewe ni Wabaptisti wa Kiroho, Wakristo ambao wengi wao ni wa asili ya Kiafrika. Husali kwa kengele, mishumaa na maji, wakiwa na vilemba kichwani na mara nyingi miguu mitupu. Sheria ilifanya mkutano wao wa ibada kuwa kosa, na hata nyumba ya kusalia ikawa kosa. Kisiwa jirani cha St. Vincent kilikuwa kimetangulia kuwa na sheria kama hiyo mwaka 1912, na huko ilidumu hadi 1965. Ile ya Trinidad ilifutwa tarehe 30 Machi 1951, baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na Elton George Griffith, mhubiri aliyetoka Grenada. Tangu 1996 tarehe hiyo ni mapumziko ya kitaifa Trinidad na Tobago.

Kwa mpishi, mambo mawili ya hapo yana uzito. La kwanza, ibada ya Wabaptisti wa Kiroho haifuati saa ya ukutani. Nyimbo zikikolea na kengele zikilia, aliyeahidi kutoka saa sita anaweza kutoka saa nane. Chakula kinachotaka kuliwa dakika ileile kinapotoka kwenye mafuta kitawasubiri watu hao hadi kife. La pili, tarehe haihami lakini Pasaka inahama. Machi 30 ilikuwa Ijumaa Kuu mwaka 2018 na Jumamosi Kuu mwaka 2024, na mwaka 2025 iliangukia mwishoni kabisa mwa Ramadhani. Kwa hiyo chakula kisicho na nyama ndicho salama zaidi, na doubles na pholourie hazina kitu chochote cha mnyama.

Je, kipi ndicho "chenyewe"? Atakayeangalia asili atachagua accra. Jina lake ni àkàrà ya Wayoruba, lililovuka bahari na watumwa, na ndugu yake wa Pwani yetu ni bajia za kunde. Trinidad waliacha kunde wakaweka samaki wa chumvi, jina likabaki. Doubles imetoka upande mwingine kabisa: ilianzia Princes Town mwaka 1936 kwa Emamool Deen na mkewe Rasulan, Waislamu wa asili ya Kihindi, na leo ndiyo kifungua kinywa cha mtaani cha kila mtu nchini humo. Kwa hiyo hakuna atakayekosea kwa kuweka doubles mezani. Hoja ya asili ichukue nusu ya uamuzi tu, na nusu nyingine iachiwe karai.

| | Doubles | Pholourie | Accra na float |
|---|---|---|---|
| Kipimo kilichomo katika makala hii kinatoa | 14 | vidonge 40 hivi | float 14, accra 24 hivi |
| Kazi ya siku iliyotangulia | kuloweka dengu, kupika mchuzi | sosi tu | kuloweka samaki |
| Kazi ya siku yenyewe | saa 2 na nusu | saa 1 na robo | saa 3 |
| Inasubiri wageni | saa 3 hadi 4 | nusu saa | float saa 2, accra saa 1 |
| Kinachoshinda wengi | bara, yaani vimkate vyake, kuwa ngumu | kidonge kuwa kizito | chumvi ya samaki |
| Mkono wa pili jikoni | unahitajika | si lazima | unahitajika |

Doubles

Hizi ni bara mbili, vimkate laini vya manjano vilivyokaangwa, zikiwa na mchuzi mzito wa dengu katikati, na juu yake tango, ukwaju na pilipili. Dengu zinazotakiwa ni zile nyeupe za mviringo zenye kijidomo. Kenya uliza chana, maana ukisema ndengu utapimiwa choroko.

Kwa doubles 14, loweka gramu 250 za dengu kavu kwa saa 12 katika maji mengi yenye nusu kijiko cha chai cha magadi. Suuza vizuri, weka maji mapya, chemsha dakika 45 hadi 60. Zimeiva pale moja inapopondeka kati ya vidole viwili bila kukaza. Usiruke kipimo hiki. Dengu iliyobaki na kiini kigumu haitalainika tena ikishaingia kwenye bizari na chumvi, na mlaji ataihisi kwenye kila tonge. Ukitumia za kopo, makopo mawili ya gramu 400 yanatosha, lakini nazo zichemshe dakika 15 na chembe ya magadi, kwa sababu za kopo hupikwa ziwe imara kwa saladi.

Mchuzi wa Trinidad huanza kwa bizari iliyokorogwa na maji. Changanya vijiko viwili vya chakula vya bizari ya mchuzi, kijiko kimoja cha chai cha jira iliyokaangwa kavu ikasagwa, na maji mililita 60, iwe kama uji mzito. (Wao jira huiita geera. Ni neno lilelile, limesafiri kwa merikebu nyingine.) Kaanga kitunguu kimoja na punje nne za saumu kwenye vijiko vitatu vya mafuta, kisha mimina ule uji wa bizari. Koroga dakika tatu au nne hadi ukauke, uwe chenga chenga na mafuta yaanze kujitenga. Bizari ikimwagwa mbichi kwenye maji ya dengu, mchuzi unabaki na ladha ya vumbi na hakuna ukwaju utakaoificha. Tia dengu, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, na mililita 500 za maji yaliyochemshia. Acha moto mdogo dakika 25. Ponda robo ya dengu ubavuni mwa sufuria ili mchuzi ushikane. Zima ukiwa bado mwepesi kuliko unavyotaka, kwa kuwa utaendelea kukaza unapopoa.

Kuhusu majani: Trinidad hutumia chadon beni, jani refu lenye meno ubavuni na harufu ya kotmiri iliyokuzwa mara tatu. Kwetu kotmiri inatosha, ila weka mara mbili ya unavyodhani, na vikonyo vyake uvikate humo humo. Itie mwishoni.

Bara ndipo watu wanapoharibu. Kwa gramu 500 za unga wa ngano weka hamira ya chenga vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja, sukari nusu kijiko, manjano nusu kijiko, jira nusu kijiko, na maji ya vuguvugu mililita 350 hadi 370. Ni maji mengi kuliko ya chapati, na ndivyo inavyotakiwa. Unga utanata vidoleni kama wa vitumbua uliozidi uzito. Usiuongeze unga mkavu kwa hasira. Koroga kwa mkono dakika tano, paka mafuta juu, funika, acha uumuke saa moja hadi saa moja na nusu. Paka mafuta mikononi, kata madonge ya gramu 30, yatafika 28. Yaache yapumzike dakika 15, la sivyo kila ukilitandaza donge litajikunyata.

Hakuna kusukuma kwa mpini wala unga wa kunyunyiza. Unga mkavu huungua kwenye mafuta na kuyafanya meusi kabla hujafika nusu ya kazi. Tandaza kwa vidole vyenye mafuta juu ya sahani iliyopakwa mafuta, upana wa sentimita 11 hivi, nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha vidole. Mafuta yawe nyuzi 185. Bila kipimajoto, tupia kipande cha unga: kikizama kisha kikapanda ndani ya sekunde tatu, anza. Kila upande sekunde 10 hadi 15, basi. Bara ikibadilika kuwa kahawia umechelewa. Itoe ingali ya manjano, ipange juu ya nyenzake ndani ya bakuli lenye kitambaa, funika. Mvuke wao wenyewe ndio unaozilainisha. Zikitandazwa moja moja kwenye karatasi kama maandazi, ndani ya dakika kumi zinakuwa ngozi.

Hapo ndipo doubles inapozishinda nyingine kwa siku ya ibada. Wauzaji wa Trinidad huweka bara kwenye kasha la kupozea vinywaji lililotandikwa kitambaa. Kasha linalozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke, na bara hukaa laini asubuhi nzima. Mchuzi nao ulipikwa jana. Mgeni akitokea saa tisa, unapanga bara mbili zilizopandana kidogo, vijiko viwili vya mchuzi, tango lililoparuzwa na kutiwa chumvi, saumu na limau, mstari wa ukwaju, na pilipili kwa kiasi anachotaja mwenyewe. Usipange mapema hata dakika kumi. Bara ya chini hunywa mchuzi na kupasuka mkononi.

Sosi ya ukwaju, inayotumika kwa doubles na pholourie

Gramu 150 za ukwaju katika mililita 400 za maji moto, dakika 20, kamua na uchuje. Chemsha na vijiko vinne vya chakula vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, saumu mbili zilizopondwa, nusu kijiko cha jira na pilipili moja, dakika kumi. Iwe nyepesi ya kutiririka. Inakaa wiki moja kwenye friji. Maembe mabichi yakipatikana, twanga moja na saumu, kotmiri, pilipili na chumvi bila kupika. Kwa pholourie hiyo ni bora kuliko ukwaju.

Pholourie

Kwa anayepika peke yake, au anayepika chakula cha Trinidad kwa mara ya kwanza, tunapendekeza hii bila kusita. Ni vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, vyepesi ndani, vinauzwa kwenye mfuko wa karatasi na sosi humo humo.

Mzoefu wa bajia za dengu atadhani anaijua tayari. Hapo ndipo anapoteleza. Unga wa dengu peke yake hutoa kidonge kizito chenye ukoko, na pholourie inataka kuwa kama sponji. Siri ni nusu kwa nusu: gramu 150 za unga wa dengu na gramu 150 za unga wa ngano. Trinidad wengi hutumia njegere za manjano zilizopasuliwa, zikilowekwa na kusagwa, na ladha yake ni tamu kidogo. Unga wa dengu wa dukani unafanya kazi vizuri tu. Ongeza bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kijiko kimoja, manjano nusu, jira nusu, saumu mbili na pilipili moja vilivyopondwa, kisha maji mililita 300 kidogo kidogo. Rojo lianguke kutoka kwenye kijiko kwa mabonge mazito. Likitiririka limezidi maji.

Sasa lipige kwa mwiko, mwendo mmoja, dakika tano kamili kwa saa. Mkono utauma. Hewa inayoingia hapo ndiyo inayofanya kidonge kiwe chepesi, kuliko hata bekingi pauda. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji: likielea, acha rojo lipumzike dakika 30, likizama, endelea kupiga.

Mafuta nyuzi 175, kina cha angalau sentimita sita ili vidonge vijigeuze vyenyewe. Chota rojo kwa mkono, kaza ngumi, litokee kati ya kidole gumba na cha shahada, ulikate kwa kidole. Wasiozoea watumie vijiko viwili vya chai vilivyochovywa mafuta. Dakika tatu kila mzunguko, vidonge kumi hadi kumi na viwili kwa karai la wastani. Vikijazwa ishirini mafuta hupoa na kila kidonge hunywa sehemu yake. Vikitoa mikia mirefu, rojo ni jepesi: ongeza kijiko cha unga wa ngano. Vikiwa na rangi nzuri nje na ubichi ndani, moto ni mkali au vidonge ni vikubwa, na mara nyingi ni yote mawili.

Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa. Baada ya nusu saa pholourie inaanza kukauka, na ukiifunika inalowa. Kuirudisha kwenye mafuta huifanya tofali. Kwa hiyo ni chakula cha watu waliokwisha fika, wanaosimama karibu na jiko na kuungua vidole. Rojo lenyewe linasubiri saa mbili bila shida, kwa hiyo usikaange mpaka uone viatu mlangoni.

Accra na float

Hapa pana historia zaidi na kazi zaidi. Accra ni vidonge vya samaki wa chumvi. Float ni mkate wa kukaanga uliotiwa hamira, unapasuliwa na kujazwa accra moja au mbili.

Samaki wao ni chewa (cod) wa chumvi wa kaskazini mwa Atlantiki, aliyeletwa Karibi enzi za utumwa kuwa chakula cha bei ndogo mashambani. Kwetu tumia ng'onda. Wa nguru anafaa kwa sababu nyama yake inachambuka kwa nyuzi. Papa mkavu atafanya kazi, lakini harufu yake inatawala kila kitu, na hapo utakuwa umepika kitu kingine. Kwa gramu 200, loweka saa 12, ukibadilisha maji angalau mara mbili. Chemsha dakika 15, mwaga, onja. Anatakiwa awe na chumvi ya mchuzi uliokolea kidogo. Akiwa bado mkali, chemsha tena kwa maji mapya. Akiwa amepoa kabisa ladha, umemzidisha, na hapo rudisha chumvi kwenye rojo. Toa miiba kwa vidole, usitegemee macho.

Rojo: unga wa ngano gramu 200, bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, maji mililita 200, kitunguu kimoja kidogo, kitunguu majani kiganja kimoja, saumu mbili, majani ya thaimu kijiko kimoja cha chai, pilipili manga, na pilipili mbuzi moja iliyokatwa ndogo sana. Chumvi usitie hadi samaki aingie na uonje tone lililokaangwa. Hili ndilo kosa namba moja: mpishi anatia chumvi kwa mazoea, samaki naye amebeba yake, na trei nzima hailiki. Kaanga kwa kijiko cha chakula, nyuzi 175, dakika nne hadi tano. Unatafuta ukingo wenye miiba miiba ya ukoko. Accra iliyo laini kama yai imekaangwa kwenye mafuta baridi.

Float: unga gramu 500, hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja na nusu, sukari kijiko kimoja, siagi gramu 50, maji ya vuguvugu mililita 280 hadi 300. Kanda dakika kumi hadi donge liwe nyororo, acha liumuke saa moja na nusu, kata madonge 14 ya gramu 60, yapumzike dakika 25. Sukuma duara la sentimita 12, unene wa milimita nne. Kaanga nyuzi 180, ukiumwagia mafuta mgongoni kwa upawa ili ujae hewa, dakika moja kila upande.

Mkono uliozoea maandazi utataka kutia iliki na tui. Usitie. Float haina utamu wa kujivunia, kazi yake ni kubeba chumvi na pilipili ya samaki. Ikisukumwa nene kama andazi itakuwa na unga mwingi katikati na haitafungua mfuko wa kujaza accra. Ikiwa nyembamba kama chapati itakauka kabla haijajaa. Unene wa sarafu mbili zilizopandana ndio kadiri.

Tatizo la mlo huu ni ratiba. Kuna vitu viwili vya kukaanga kwa joto tofauti, na kimoja kinanuka samaki. Bila msaidizi, wageni watakula float baridi na accra moto, au kinyume chake. Kukiwa na wawili jikoni, au karai mbili, huu ndio mlo tunaoutetea kwa Machi 30.

Mbili za pembeni

Supu ya mahindi inauzwa Trinidad usiku, watu wakitoka kwenye muziki. Kwa umati wa watu 12 na kuendelea, na kwa nyumba isiyotaka mafuta, inazidi zote tatu. Chemsha njegere za manjano zilizopasuliwa gramu 250 katika lita tatu za maji hadi zipondeke, tia mahindi sita yaliyokatwa pete za sentimita nne, viazi vitamu, karoti, thaimu, tui la nazi mililita 400, na pilipili mbuzi nzima inayoelea bila kupasuka. Ikipasuka, sufuria nzima ni ya wenye roho ngumu. Mahindi yetu ni magumu kuliko ya kwao, yape dakika 40 badala ya 20. Vimaandazi vidogo vya maji, vya unga na chumvi tu, viingie dakika kumi za mwisho. Wao mara nyingi hutia mkia wa nguruwe wa chumvi. Kwa meza yenye Waislamu, au siku ya Kwaresima, unaachwa na supu haipungukiwi.

Mkate wenye samaki wa Maracas ulikuwa wa papa tangu mwanzo. Papa wanapungua baharini, na minofu ya changu au kolekole inapokea viungo vilevile. Lakini sehemu kubwa ya utamu wake ni meza ya nyongeza kumi na zaidi ambayo muuzaji anayo na nyumba haina. Kwa siku hii tungeuacha.

Nani apike nini

Mtu mmoja jikoni, wageni wasiozidi wanane, wote wakiwa tayari nyumbani: pholourie, sosi mbili, umemaliza.

Wageni kumi hadi kumi na wanne wanaotoka ibadani bila saa maalumu: doubles, moja moja kwa kuanzia, na kwa walaji wazito kipimo mara mbili. Hapa hakuna mashindano. Kama kuna watoto, wapangie bara na mchuzi wa dengu peke yake. Pilipili iwe kwenye bakuli la pembeni wala isiingie kwenye mchuzi wenyewe.

Wapishi wawili, na nia ya kula kitu ambacho waliofukuzwa kwenye ibada mwaka 1920 wangekitambua: accra na float. Andaa unga wa float kwanza. Ukiwa unaumuka, chemsha na uchambue samaki. Kaanga float zote, zifunike, ndipo uanze accra.

Ratiba ya kuunganisha doubles na pholourie nayo ni rahisi kuliko inavyosikika, kwa kuwa ukwaju ni mmoja na jira ni moja. Jana yake: dengu na sosi. Asubuhi saa mbili: unga wa bara. Saa tatu na nusu: madonge, na kukaanga kunakwisha kabla ya saa nne na nusu. Baada ya hapo piga rojo la pholourie, uliache kwenye kivuli, likaangwe mlango ukigongwa.

Anayeamua kupika yote matatu kwa karai moja afuate mpangilio wa mafuta: bara kwanza, mafuta yakiwa safi, kisha float, kisha pholourie, ambayo manjano yake huyatia rangi, accra mwisho. Lita moja na nusu zinatosha. Kati ya kila zamu chuja chenga kwa chujio la chai, maana chenga zilizoungua ndizo zinazotia madoa meusi na uchungu kwenye zamu inayofuata. Mafuta yaliyokaangia accra yahifadhi kwa samaki wa kesho. Yakirudi kwenye bara, kila mgeni atajua.